Kuhoji, Kudadisi, Kujiuliza: Istilahi za Swali Darasani

Tangu mitaala ya kujenga umahiri ilipoanza nchini Tanzania, mwaka 2005 kwa shule za sekondari na mwaka 2006 kwa shule za msingi, vitabu vya mwongozo wa mwalimu vimejaa istilahi zinazohusu swali: nani aulize, aulize nini, na jibu litafutwe kwa njia gani. Istilahi hizo tumezisoma, tumezisikia zikitumika, na sasa tumekusudia kuzipima. Kipimo chetu si utamu wa sauti, wala si wingi wa watumiaji peke yake. Tunauliza jambo moja tu: mwalimu wa darasa la tano katika shule ya kijijini akiikuta istilahi hiyo usiku anapoandika andalio la somo, je, itamwambia la kufanya kesho yake asubuhi?

Mwalimu huyo tumemweka Kiberege, katika bonde la Kilombero, kwenye njia itokayo Ifakara kwenda Mang'ula na Kidatu. Hatumsemi mwalimu fulani wala shule fulani. Tunataka mahali penye udongo na watu, ili istilahi zisipimwe hewani. Upande mmoja wa bonde umesimama mlima wa Udzungwa. Upande wa pili unapita mto Kilombero, ambao hukutana na Luwegu na kuwa Rufiji. Wenyeji ni Wambunga, Wandamba, Wapogoro na Wabena, pamoja na wageni wengi walioletwa na mpunga, miwa, mifugo na reli ya TAZARA. Lugha inayowakutanisha ni Kiswahili. Mtoto wa hapa ana mengi ya kuuliza kabla hajafungua kitabu. Kwa nini maji hupanda shambani hata siku ambayo mvua haikunyesha kijijini? Kwa nini jaruba moja la mpunga limegeuka manjano na la jirani ni kijani? Kwa nini mbu huzidi baada ya masika? Maswali hayo anayo, na swali letu ni kama istilahi zetu zinamfungulia mlango wa kuyatoa.

Azma si ngeni

Yafaa kwanza tuondoe dhana moja. Wako wanaosema kwamba ufundishaji wa kumtaka mwanafunzi aulize ni mtindo ulioletwa na wafadhili juzijuzi, na kwamba ugumu wa istilahi zake ni alama ya ugeni huo. Sivyo. Machi 1967 Mwalimu Nyerere alipotoa maelezo ya Elimu ya Kujitegemea, alitaka elimu yetu imjengee mwananchi mambo matatu: akili inayotafuta kujua, uwezo wa kujifunza kwa wengine na kuyakataa au kuyarekebisha aliyojifunza kulingana na mahitaji yake, na imani kwamba yeye ni mtu huru, sawa na wenzake. Jambo la kwanza katika hayo ndilo tunalolijadili. Katika miaka ya 1960 hiyohiyo, nchi kadhaa za Afrika, Tanzania, Kenya na Uganda zikiwamo, zilishiriki katika mpango wa kufundisha sayansi ya shule za msingi kwa kuwapa watoto vitu vya kushika na kuvichunguza. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wazima katika vikundi vya kusikiliza redio, wakajadiliana juu ya malaria na maradhi mengine. Azma, basi, tumekuwa nayo kwa zaidi ya nusu karne. Ambalo hatukulipata mapema ni jina moja linaloitosha.

Neno moja la kigeni, kazi tatu

Chanzo cha taabu kimo katika lugha tunayotafsiri kutoka kwayo. Waingereza wana neno moja wanalolitumia kwa kazi ya mwanasayansi, kwa tume inayoundwa na serikali kuchunguza ajali au ufisadi, na kwa dirisha la ofisini anakokwenda mtu asiyejua mlango wa kuingia. Kiswahili hakikuyachanganya hayo. Cha kwanza tunakiita utafiti, cha pili uchunguzi, na cha tatu maulizo. Mfasiri akikutana na neno hilo katika kitabu cha ualimu hujiona yu njia panda, na kila mmoja hushika njia yake. Ndiyo maana tunakuta katika maandishi ya elimu kuhoji, kudadisi, kupeleleza, kuchunguza, kutafiti na kugundua, yote yakidai kusimama mahali pamoja. Tuyatazame moja moja.

Kuhoji ni kitenzi kizuri kwa mwandishi wa habari na kwa mjadala wa kitaaluma, kwa kuwa kimezaliwa pamoja na hoja. Lakini sikio la raia limekizoea kwingine. Anayehojiwa ni mtuhumiwa. Kiberege pana gereza. Mtoto akisikia kwamba fulani amehojiwa, hafikirii darasa. Tukimwambia mwalimu awahoji wanafunzi, atawasimamisha mmoja mmoja. Tukimwambia mwanafunzi amhoji mwalimu, wote wawili wataona utovu wa adabu.

Kupeleleza kimepatwa na hali hiyohiyo, tena kwa ubaya zaidi. Zamani kilibeba maana pana ya kutafuta habari za mahali au jambo lisilojulikana. Vitabu vyetu vya historia vikawaita wapelelezi wale Wazungu waliotangulia mbele ya wakoloni. Leo mpelelezi ni askari asiyevaa sare, au jasusi. Neno hili liachiwe Jeshi la Polisi.

Kudadisi ndicho kinachoongoza kwa kupendwa, na tunakubali kwamba kina sifa. Ni cha Kiswahili cha kila siku, kinanyumbulika vyema, kinatoa udadisi na mdadisi bila kulazimishwa. Ila kina nyuso mbili. Mzazi akisema mwanawe ni mdadisi, huenda anamsifu kwa akili. Mama huyohuyo akimwambia jirani aache udadisi, anamkataza kuingilia yasiyomhusu. Udadisi unapakana na umbea, na mpaka wenyewe hauna jiwe. Kasoro ya pili ni ya kitaaluma. Kudadisi hutaja hamu, hakutaji kazi. Mtu anaweza kudadisi mchana kutwa asipime kitu, asilinganishe, asiandike. Mwalimu aliyeambiwa atumie mbinu ya udadisi ameambiwa wanafunzi wawe na moyo wa namna gani, lakini hakuambiwa wafanye nini.

Kutafiti kina kasoro iliyo kinyume cha hiyo: kinataja kazi kubwa mno. Mahali pengine neno hili lingekuwa tupu. Katika bonde la Kilombero lina sura. Tangu mwaka 1957, ilipoanzishwa maabara ya Waswisi mjini Ifakara iliyokuja kuwa taasisi ya utafiti wa afya yenye sifa duniani, watu wa bonde wamewajua watafiti: ni wale wanaokuja na magari, wanaotega mbu usiku na kuuliza kama nyumba ina chandarua. Ni kazi njema, lakini ni ya mtu mzima aliyesomea. Mtoto wa darasa la tano akiambiwa atafiti, atadhani amepewa kazi ya wengine.

Kugundua, ambacho wengine hukitumia, huahidi mwisho bila kuonyesha njia. Somo lisilofika kwenye ugunduzi litahesabiwa kuwa limeshindwa, hali huenda watoto wamejifunza mengi kwa kukisia na kukosea.

Kinabaki kuchunguza. Neno hili lina historia inayotupa funzo. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliyotoa Kamusi ya Kiswahili Sanifu mwaka 1981, ilibeba uchunguzi katika jina lake hadi mwaka 2009, ilipoingia katika Taasisi ya Taaluma za Kiswahili. Yaani wakati ule uchunguzi ndio uliokuwa jina la kazi ya wataalamu. Baadaye utafiti ukaupokea mzigo huo wa kitaaluma, na uchunguzi ukarudi kwa watu. Leo mgonjwa akifika hospitali damu yake huchunguzwa kwa hadubini. Fundi huchunguza injini. Mkulima huchunguza suke la mpunga kabla ya kuvuna. Katika matumizi yote hayo mna jicho, mna mkono, na mna jambo ambalo mtu halijui bado. Hilo ndilo tunalolitaka darasani, na mtoto wa Kiberege analijua tayari.

Swali la anayejua na swali la asiyejua

Lakini uchunguzi peke yake haututoshi, kwa sababu haumtaji mwenye swali. Hapa tunafika kwenye istilahi tunayoiona kuwa na madhara kuliko zote, nayo ni ile inayoonekana kuwa nyepesi kuliko zote: maswali na majibu. Utaikuta katika maandalio mengi ya somo kama mbinu ya kufundishia. Mthibiti ubora wa shule akiisoma, anaridhika kwamba wanafunzi wameshirikishwa. Sasa tuingie darasani. Mwalimu anauliza, mwanafunzi anajibu, mwalimu anasema vizuri au anamgeukia mwingine. Mwishoni anauliza, "Mmeelewa?" Darasa zima linaitikia, "Ndiyo, mwalimu!" Anauliza tena, "Nani ana swali?" Kimya. Andalio limetekelezwa neno kwa neno, na hakuna mtoto aliyeuliza kitu.

Kosa si la mwalimu peke yake. Istilahi imemficha muulizaji. Maswali na majibu ni nomino mbili zisizo na mtu. Hazisemi ya nani. Tena utamaduni wetu wenyewe una aina ya swali inayofanana mno na hilo la mwalimu. Katika kitendawili, anayetega anajua jibu tangu mwanzo. Wanaotegewa ndio wasiojua, na wakishindwa hutoa mji. Ni mchezo wenye manufaa kwa akili, na hatuubezi. Lakini swali la kitendawili ni swali la anayejua. Swali la msafiri aliyepotea ni swali la asiyejua. La kwanza hupima, la pili hutafuta. Methali isemayo kuuliza si ujinga haikutungwa kwa ajili ya mtega kitendawili. Ilitungwa kumtetea msafiri. Istilahi zetu za darasani zinayaita yote mawili swali, basi lile la kupima, ambalo lina mamlaka ya mwalimu nyuma yake, linalimeza lile la kutafuta.

Dawa imo ndani ya sarufi ya Kiswahili, wala hatuhitaji kuazima. Kitenzi uliza kinanyumbuka na kutaja mtu katika kila hatua. Kuulizwa ndiko kunakompata mwanafunzi sasa. Kuuliza ndiko tunakomtakia. Kuulizana ni kazi ya kikundi, ambapo swali la mmoja hujibiwa na mwenzake. Na kujiuliza, neno ambalo kila mtu hulitumia nyumbani na ambalo halionekani katika vitabu vya ualimu, ndilo jina halisi la hali ya akili iliyogutuka kwa jambo na kutaka kulijua. Mwanafunzi anayejiuliza hana umbea, hamshtaki mtu, wala hamvunjii mtu heshima. Anaanza na nafsi yake. Kisha adabu ya lugha inamfungulia mlango wa pili: "Mwalimu, naomba kuuliza."

Majina ya mbinu

Tuseme machache juu ya majina ya mbinu ndogondogo zinazofuatana na ufundishaji huu. Changanya kete ni jina lililofaulu. Kete zinajulikana katika bao. Mwalimu akiambiwa achanganye kete, anaelewa kwamba vikundi vitavunjwa na watu wake kugawanywa upya. Igizo dhima na kisa mafunzo nayo yamekwisha kuzoeleka, na kila moja linajieleza.

Bungua bongo tunalitilia shaka, ingawa tunajua limeenea. Katika nchi ya wakulima, kinachobunguliwa ni mahindi ghalani, na anayebungua ni mdudu. Mtunzi wa istilahi alitaka picha ya kupenya ndani. Mkulima anaona unga ukimwagika. Lakini kwa kuwa limekwisha kukaa, hatupendekezi ling'olewe. Tunalitaja liwe onyo kwa watunzi wajao.

Matembezi ya galari hatuwezi kulitetea. Ni tafsiri ya neno kwa neno iliyobakiza nusu yake katika lugha ya kigeni. Galari haipo Kiberege, na walimu wengi wa vijijini hawajaingia hata moja. Kinachotakiwa ni kwamba kila kikundi kibandike kazi yake ukutani na wenzao wapite kuisoma na kuiulizia. Kwa nini basi tusiseme kupitia kazi za wenzetu?

Bonde la Kilombero lenyewe limetupa mfano wa kutoa jina. Katika miaka ya 1990, mradi wa kusambaza vyandarua katika wilaya za Kilombero na Ulanga uliuza vyandarua na dawa yake kwa jina la Zuia Mbu. Hakuna aliyehitaji semina ili alielewe. Kitenzi kinasema kazi, nomino inasema adui. Mtunzi wa istilahi za elimu angefanya vyema kulikumbuka jina hilo kila anapoketi na kalamu.

Funzo la Mpemba

Mtu anaweza kusema kwamba tunagombania maneno. Tumjibu kwa kisa kinachojulikana duniani, ingawa hapa kwetu hakisimuliwi kwa kadiri kinavyostahili. Mwaka 1963 Erasto Mpemba alikuwa mwanafunzi wa kidato cha tatu katika shule ya sekondari ya Magamba, huko Lushoto. Wanafunzi walikuwa wakitengeneza aiskrimu kwa kuchemsha maziwa na sukari, kuyaacha yapoe, kisha kuyagandisha. Siku moja, kwa kuhofia kukosa nafasi katika jokofu, Mpemba aliyatia maziwa yangali moto, na yakaganda kabla ya yale ya mwenzake ambaye hakuyachemsha. Alipomwuliza mwalimu wake sababu, aliambiwa kwamba amechanganyikiwa. Hakuliacha swali. Baadaye, akiwa Mkwawa mjini Iringa, alijaribu tena kwa maji. Na Dakta Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alipokuja kuzungumza na wanafunzi, Mpemba alimwuliza mbele ya wote. Wenzake walimcheka. Osborne hakucheka, alirudi chuoni, akaagiza jaribio lifanywe, na mwaka 1969 wawili hao wakachapisha makala pamoja. Jambo hilo sasa linaitwa athari ya Mpemba, na wanafizikia wangali wanabishana juu ya sababu zake, na hata juu ya kama lipo.

Tulitazame jambo hilo kwa jicho la istilahi. Mbele ya jokofu la Magamba, Mpemba alijiuliza. Mbele ya mwalimu, aliuliza. Mkwawa, alichunguza. Pamoja na Osborne, alitafiti. Hizo ni hatua nne zenye vitenzi vinne, na Kiswahili kinavyo vyote. Kilichokaribia kukatika ni hatua ya pili, pale swali la asiyejua lilipopokewa kana kwamba ni jibu lililokosewa katika mtihani. Darasa lisilo na jina la swali la namna hiyo halitalitambua likija.

Tena hatua hiyo ya pili inakatika mahali pengine ambapo wengi wetu tunapajua. Mtoto anayeuliza kwa Kiswahili hadi darasa la saba huingia kidato cha kwanza na kukuta Kiingereza. Swali analo bado, ila hana maneno ya kulitolea. Mwishoni mwa miaka ya 1970, P. Mlama na M. Matteru walilieleza Baraza la Kiswahili la Taifa haja ya kutumia Kiswahili katika elimu ya juu. Mwaka 1982 Tume ya Makweta ikapendekeza Kiswahili kianze kufundishia sekondari mwaka 1985. Pendekezo hilo halikutekelezwa. Hatutaingia katika mjadala huo hapa, ila tunasema hivi: mtaala unaomtaka mwanafunzi aulize katika lugha asiyoweza kuulizia unajipinga wenyewe.

Hoja za wanaotupinga

Wafasiri wenzetu watasema kwamba udadisi umekwisha kuenea, na kwamba maneno huoga na kutakata. Ni kweli. Ujamaa lilikuwa neno la undugu, kisha likabeba siasa ya nchi. Hatudai udadisi ufutwe; tunataka upewe kazi yake, yaani kutaja tabia ya akili, siyo mbinu ya kufundishia. Wengine watasema kwamba dhana moja yatosha kuwa na istilahi moja. Nasi tunakubaliana na kanuni hiyo, na kwa sababu hiyohiyo tunasema kwamba hapa dhana si moja. Walimu nao watatukumbusha kwamba darasa lina watoto wengi na kipindi ni kifupi. Hoja hiyo ni nzito, na istilahi haiwezi kujenga madarasa. Lakini kubadili "Mmeelewa?" kuwa "Mnajiuliza nini?" hakuhitaji chaki ya ziada.

Mapendekezo

Kwa hayo tuliyoyaeleza, tunatoa mapendekezo haya:

Mosi, ufundishaji tunaoujadili uitwe ufundishaji wa kuuliza na kuchunguza, ili mwalimu ajue kwamba mna kazi mbili, na kwamba ya kwanza ni ya mwanafunzi.

Pili, udadisi ubaki kuwa jina la tabia ya akili, na utafiti ubaki kuwa jina la kazi ya wataalamu na ya wanafunzi wa ngazi za juu.

Tatu, andalio la somo litofautishe swali la kupima na swali la kutafuta, na maneno maswali na majibu yasikubaliwe kuwa jina la mbinu pasipo kutajwa muulizaji.

Nne, kuulizana na kujiuliza viingizwe katika vitabu vya mwongozo kama istilahi, wala visionekane duni kwa kuwa ni maneno ya nyumbani.

Tano, kuhoji na kupeleleza visitumiwe kwa kazi ya mwanafunzi wa shule ya msingi.

Sita, kila jina jipya la mbinu lisomwe kwanza mbele ya walimu wa vijijini, nao waulizwe wangefanya nini wakilikuta katika mwongozo. Wakinyamaza, lirudishwe kwa mtunzi.

Mwalimu wetu wa Kiberege hajalala; andalio liko mezani na taa inawaka. Kesho darasa la tano lina somo la maji. Kama mwongozo utamwambia awaache watoto wajiulize kwa nini jaruba limejaa hali mvua haikunyesha kijijini, kisha watazame mlimani inakotoka mito, basi istilahi itakuwa imemfikia.